Safu ya Mwenye Mali

Limeletwa kwangu ndani ya kopo la biskuti,
limevimba maji, limetafunwa pembe na panya,
na Bi Prudence Hallowell wa makumbusho ya Damariskota
anataka lifunguke tena kufikia Mei, watalii wakija.
Nje theluji. Ndani taa, brashi, gundi, na mimi.

Aliyeliandika ni karani, Josias Thirkell,
katumwa na matajiri wa Bristol kuja kuhesabu.
Si kulima. Si kuhubiri. Kuhesabu.
Mwandiko wake mwembamba, umelalia kulia
kama mtu atembeaye huku upepo ukimsukuma ubavuni.

Juni, siku ya tatu:
"Chewa. Tumevuta hadi mikono ikafa ganzi.
Mmoja kimo chake ni cha mtoto wa miaka sita.
Kambamiti wamejaa vidimbwini, hakuna awatakaye.
Misonobari: nimepima kumi na minne
iliyonyooka kuliko mnara wa kanisa letu. Yafaa milingoti."
Na kila mti kauwekea kistari pembeni,
kidogo, nadhifu, kama alama ya shoka lenye adabu.

Julai:
"Sturjoni huruka usiku mtoni.
Vishindo vyao vyaninyima usingizi."
Ngozi za biva, mia mbili na sita.
Nyasi za kinamasi cha chumvi, ng'ombe watazipenda,
ng'ombe ambao bado wako Bristol, hawajui lolote.

Kisha hiki, wino umechuruzika:
"Ukingoni kuna kilima cheupe.
Nilidhani ni theluji iliyosahau kuondoka.
Ni makombe ya chaza. Nimepanda. Nimehesabu. Nimeacha."

Nimeacha.
Daftari zima halina neno jingine la kushindwa.
Kila kombe pale lilifunguliwa na mkono wa mtu,
likanyonywa, likatupwa juu ya lililotupwa jana,
na jana ile ilikuwa na jana zake, maelfu ya miaka,
hadi mlo ukawa mlima.

Upande wa kulia kuna safu, kaipa kichwa: Mwenye Mali.
Ukurasa baada ya ukurasa, tupu.
Ila Agosti, mara moja tu:
"Mwanamke kaniuzia mikunga kwa sindano mbili.
Nikamwuliza kwa vidole, mto huu wa nani?
Akacheka. Akaonyesha mikunga, kisha tumbo langu.
Hakuelewa."

Hapo niliweka brashi chini.
Nani hakuelewa, Josias?
Jina lake hukuliuliza. Sindano umeziandika: mbili.

Nilifundishwa utotoni, kwa chaki na kiboko,
mali bila daftari hupotea bila habari.
Hapa ilipotea na daftari lake mkononi.
Habari zote zimo: tarehe, idadi, urefu kwa futi.
Hata kilima kilichomshinda, wajukuu wa wajukuu
walikijengea kinu, wakakisaga,
wakawalisha kuku.

Karatasi iliyoraruka huungwa kwa gundi nyepesi,
na gundi bora hutoka kwenye kibofu cha sturjoni.
Mimi huagiza kwa posta, gramu hamsini,
vipande vikavu kama kucha, vya mto wa mbali
ambao lebo haiutaji.
Navilowesha, navipasha moto taratibu,
kisha napaka juu ya mstari ule
ambamo samaki anaruka na karani halali.
Inashika.

Bi Prudence kapita, kaegemea mlango na kikombe chake.
"Hiyo safu tupu," kasema, "tungeandika kitu?"
Nikamwambia sheria ya kazi hii:
tundu huzibwa, maneno hayaongezwi.
Akanywa chai. Hakuondoka upesi.

Jioni nanawa kwa sabuni mara tatu.
Ndani ya basi, abiria wa pembeni anasogea kidogo.
Vidole vyangu vinanuka mto.